Splita ya HDMI ya matundu manne: kamera inapita, filamu ya kulipia inagoma

Nianze na sifa zake, maana zipo. Ni kiboksi cheusi cha bati kinachoenea kiganjani, tundu moja la HDMI (ule waya wa kidijitali wa picha na sauti) la kuingizia picha, manne ya kutolea, taa ndogo ya bluu juu ya kila tundu, na adapta yake ya volti 5. Jina la kampuni halieleweki: kwenye boksi lipo moja, mgongoni mwa kifaa lipo jingine. Mbele ya boksi wameandika 4K kwa herufi za dhahabu, na pembeni, kwa maandishi ya kusomea miwani, HDCP, lile kufuli la picha nitakalolieleza mbele. HDCP ya ngapi, hawasemi. Nililipa shilingi 38,000 pale Kariakoo. Bei ilianzia 55,000, na muuzaji aliapa kwamba ananiachia kwa hela ya kununulia.

Mimi nakodisha projekta na TV za shughuli hapa Morogoro: sendofu, kicheni pati, mahafali, na siku hizi hata misiba mikubwa ambako watu wanakaa mpaka nje ya uzio. Ukumbi ukiwa mrefu, waliokaa nyuma hawaioni meza kuu. Kwa hiyo naweka projekta mbele na TV tatu ubavuni, kameramani ananipa waya mmoja kutoka kwenye kamera yake, na splita inagawa picha sehemu zote nne.

Kwa kazi hiyo ni mchapakazi. Bibi harusi akilishwa keki, TV zote zinamwonyesha kwa wakati mmoja, hakuna inayochelewa. Inapata moto kiasi, hivyo siiweki juu ya zulia wala chini ya kitambaa cha mapambo. Wapambaji wanapenda sana kuificha hapo.

Kuna kero moja ndogo. Kila TV ina taarifa zake inazompa anayetuma picha: naitwa hivi, napokea 720p, au 1080p, au 4K, yaani ukali wa picha kutoka mdogo kwenda mkubwa. Mafundi wanaziita EDID. Splita ya bei hii haina akili ya kupatanisha TV nne. Inasoma taarifa za TV iliyo kwenye tundu la kwanza na kumpelekea kamera hizo hizo. Nina TV moja kongwe ya inchi 32 ambayo ni ya 720p. Ikikaa tundu namba moja, projekta yangu ya 1080p nayo inateremshwa, na majina ya maharusi yanaonekana kama yameandikwa kwa chaki iliyolowa. Ikikaa tundu namba nne, yenyewe ndiyo inayolalamika kwamba haiupokei mfumo huo. Siku hizi naiacha nyumbani.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Sikukuu ya Idi familia moja ya Kihonda ilikodi projekta ya kuangalia filamu ukutani uani, na TV moja barazani kwa ajili ya wazee wasiopenda umande. Baba mwenye nyumba analipia kifurushi cha filamu za mtandaoni kila mwezi, kwa jina lake, kwa kadi yake. Akatoa stiki yake ya 4K, kile kidude cha kuchezeshea filamu za mtandaoni kwenye TV, tukaichomeka kwenye splita. Menyu ikaja safi. Mabango ya filamu yakatembea kushoto na kulia. Akachagua, kile kiduara kikazunguka, halafu weusi. Kwenye TV ya barazani likatokea tangazo la mistari miwili: vifaa vilivyounganishwa haviruhusiwi kuonyesha maudhui haya. Akarudi kwenye menyu, picha hiyo hapo. Akabonyeza filamu, weusi.

“Dada yangu, mashine yako mbovu hii,” akasema, na shemeji zake wote wakanigeukia.

Niliitoa splita, nikaichomeka stiki moja kwa moja kwenye projekta. Filamu ikacheza. Wazee wakahamishwa na viti vyao, na mashuka ya kujifunika. Hata hawajakaa sawa, kijana wa jirani amekwishaleta flashi yenye filamu ile ile, aliyorushiwa kule stendi kwa shilingi mia tano, akaichomeka kwenye TV ya barazani. Ikacheza bila kuulizwa swali lolote.

Hapo ndipo ninapokasirika na huu utaratibu mzima, si na splita peke yake. Anayelipia kila mwezi ndiye anayekaguliwa kifaa kwa kifaa, na mwenye nakala ya stendi anapita moja kwa moja.

Kinachotokea ndani ya waya ni hiki. HDCP ni kufuli la kuzuia picha isinakiliwe ikiwa njiani kati ya kifaa kinachotuma na skrini. Lilibuniwa Intel, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, enzi ambazo majumbani mwetu kulikuwa na TV za chogo. Leseni zake zinatolewa na Digital Content Protection, kampuni iliyo chini ya Intel. Stiki inapiga hodi, na “karibu” ya TV lazima itokane na funguo za siri zilizowekwa kiwandani. Katika matoleo ya kwanza kila kifaa kina funguo 40, kila mmoja wa biti 56. Majibu yakilingana, stiki inaivuruga picha kwa msimbo, inaituma, TV inaifumua. Na hawaaminiani moja kwa moja: katika matoleo hayo ya kwanza wanahakikishana kila baada ya fremu 128 (zile picha moja moja zinazounda video), yaani kama kila sekunde mbili. Ndiyo sababu ukiwa na waya mchovu picha inakatika, inarudi, inakatika. Na ukiona chengachenga za rangi zimejaa skrini nzima huku TV inasema ipo kwenye 1080p, mara nyingi ujue picha imefika ila haijafumuliwa.

Menyu ya stiki yake si mali ya mtu wa filamu, kwa hiyo haikufungwa, ikapita. Kamera ya sendofu nayo inatuma picha ya mwenye kamera, hakuna cha kufunga. Kufuli linakuja pale filamu inapoanza. Watu wengi hawajui tofauti hiyo, wanasema splita “ina mudi”.

Splita inapokaa katikati inatakiwa iwe na leseni na funguo zake yenyewe. Kwanza ijibu hodi kwa niaba yake, kisha iwahoji wote walio nyuma yake na kupeleka orodha yao kwa stiki. Toleo la 1 linaruhusu vifaa hadi 127 kwenye mnyororo mmoja, kwa ngazi 7. Toleo la 2 limebana hadi vifaa 32 na ngazi 4. Kwa TV zangu nne hizo ni namba za kutosha na kubaki. Shida ni kwamba splita hii haijibu kabisa. Kwanza nilidhani tatizo ni 4K, maana filamu za 4K hudai HDCP 2.2, toleo lililotoka 2013, na haziruhusiwi kupita kwenye kifaa cha matoleo ya nyuma. Nikaishusha stiki hadi 1080p kwenye setingi. Weusi ule ule. Nikaunganisha king'amuzi cha HD cha nyumbani: weusi. Kikiingia moja kwa moja kwenye TV, mpira unaonekana. Basi humo ndani hamna funguo zinazokubalika, za zamani wala mpya, na yale maandishi ya HDCP kwenye boksi ni urembo kama ile dhahabu.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye ninayepanda naye ngazi, alisisitiza tubadilishe waya. “Shangazi, chukua ule wa 4K wenye HDCP 2.2, nimeuona dukani, elfu ishirini na tano.” Nikamwambia aache hela hiyo. Waya hauna HDCP. Waya wa HDMI una pini 19, na mazungumzo ya hodi, pamoja na zile taarifa za EDID, yanapita kwenye mbili tu, namba 15 na 16. Waya ukiwa mrefu mno au pini hizo zimepinda, mazungumzo yanakatika na utapata dalili zile zile za kufuli. Lakini hakuna waya unaojibu hodi kwa niaba ya splita. Maandishi yale kwenye gamba la waya ni ya kumwongezea muuzaji elfu kumi na tano.

Nilichofanya ni kutafuta splita nyingine, na hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na maana. Hii ya pili imenigharimu shilingi 145,000. Ni nzito zaidi, boksi lake limeandika HDCP 2.2 kwa ukamilifu, na ubavuni ina swichi nne ndogo za kuchagua ni taarifa za EDID zipi apewe mtumaji, ili TV kongwe isiwaburuze wenzake. Stiki ya yule bwana wa Kihonda ilipita. King'amuzi kilipita. Kasoro yake ni subira: ukibadili chanzo au ukiwasha TV moja zaidi, skrini zote zinakuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa wakati wanaulizana upya, na MC anaanza kuniangalia. Tena inafuata sheria kwelikweli. Nikiweka ile TV ya inchi 32 kwenye mnyororo, stiki inaambiwa kuna mzee wa toleo la 1 huku nyuma, basi filamu ya 4K inashushwa 1080p kwa wote, hata kwa TV ya mteja ya milioni mbili. Si ubovu, ndivyo inavyotakiwa kufanya. Mteja hataki kusikia hivyo.

Na mwenye TV ya 4K asijione yuko salama kwa sababu tu ya 4K. Zile za mwanzo, za miaka ya 2013 hadi 2015, zimejaa sana kwenye mitumba ya kutoka Ulaya na Dubai, na nyingine zina tundu moja tu lenye HDCP 2.2, nyingine hazina kabisa ingawa zimeandikwa HDMI 2.0. HDMI na HDCP ni mambo mawili tofauti, namba ya moja haikwambii namba ya nyingine. Angalia nyuma ya TV, wengine huandika juu ya tundu lenyewe. Kama stiki yako inagoma kwenye HDMI 1, jaribu HDMI 2 na 3 kabla hujamwita fundi.

Kuhusu projekta za VGA, ambazo zimejaa mashuleni na kwenye kumbi za makanisa, sina maneno mengi. VGA ni njia ya zamani ya analogi, haina mahali pa kuweka kufuli, kwa hiyo adapta ya HDMI kwenda VGA ya elfu kumi na tano itakupitishia slaidi za semina na picha za mahafali bila shida, na itakunyima filamu ya kulipia. Hilo halirekebishiki kwa kununua adapta ghali. Tatizo lenyewe si geni, wala si la kwetu tu: mwaka 2008 wanunuzi wa MacBook mpya, kompyuta za Apple, kule Marekani walilalamika sana walipokuta filamu walizonunua iTunes, duka la Apple la mtandaoni, zinakataa kuonekana kwenye projekta na skrini zao za nje.

Kuna wauzaji watakunong'oneza, “dada, chukua hii, hii inatoboa,” wakimaanisha splita inayopokea picha iliyofungwa na kuitoa ikiwa wazi. Zipo, leseni inazikataza, na mimi sizitegemei kwa sababu ya kibiashara kwanza: kasha lile lile, mzigo mwingine, tabia nyingine. Ya mwezi uliopita ilitoboa, ya leo haitoboi, na wewe uko ukumbini na watu mia tatu. Halafu kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Anayetaka kuonyesha filamu ukumbini kwa kiingilio namwambia aulizie kibali chake kwanza kwa wenye hakimiliki, mimi nimebeba projekta tu.

Cha kuchekesha ni kwamba kufuli lenyewe la toleo la 1 lilishavunjwa. Septemba 2010 ufunguo mkuu, ule unaozalisha funguo nyingine zote, ulivuja mtandaoni, na Intel wakathibitisha kuwa ni wenyewe. Wanaonakili filamu hawahitaji waya wangu wa HDMI, wana njia zao. Miaka yote hii anayehangaika na weusi ni baba wa Kihonda na stiki yake halali.

Ujumbe mfupi kwa vijana wa gemu, maana nao wananikodi kwa mashindano. PlayStation 4 ina sehemu ya kuzima HDCP kwenye setingi za mfumo. Ukiizima, gemu linapita kwenye splita yangu ya 38,000 bila tatizo, ila apu za filamu hazitafunguka mpaka uirudishe. PlayStation 3 haina swichi hiyo, kwa hiyo yenyewe naiwekea splita ya pili. Nintendo Switch haifungi gemu zake, inafunga apu za video tu.

Umeme nao una mkono wake. Ukikatika na jenereta likawashwa, vifaa vyote vinaamka kwa pamoja: stiki inapiga hodi wakati TV bado inaonyesha nembo yake, haijibiwi, inakata tamaa, na unabaki na weusi hata kwenye splita nzuri. Mpangilio wetu sasa ni TV kwanza, zikishatulia splita, mwisho kabisa stiki au king'amuzi. Kama tayari umeshakwama, chomoa waya wa HDMI kwenye chanzo, hesabu kumi, rudisha. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, maana vifaa vingi vikizimwa kwa rimoti vinasinzia tu.

Kwa hiyo, splita ya 38,000 naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa mpiga picha wa harusi, kwa slaidi za semina, kwa kompyuta inayoonyesha ratiba ya mahafali, inunue na usiogope. Kwa king'amuzi cha HD kwenye TV nne za baa au kwa stiki ya filamu nyumbani, ipite mbali. Ile ya 145,000 naipa nne. Nyota ya tano imeliwa na zile sekunde za weusi na kutokuwa na kibao cha kuonyesha ni TV ipi ndiyo inayokwamisha wenzake. Inabidi uchomoe moja moja kama unayetafuta balbu iliyoungua kwenye taa za mapambo.

Duka nililonunulia ile ya kwanza linapata nyota mbili. Walinipa risiti, na nyuma yake wamegonga muhuri kwamba mali ikishatoka hairudi. Lakini wanajaribu kila kifaa mbele ya mteja, na hilo ndilo linalowalaghai watu zaidi ya muhuri: TV ya pale kaunta inapokea picha kutoka kwenye kompyuta inayochezesha video ya mandhari ya samaki na matumbawe, video isiyo na kufuli, kwa hiyo kila splita inayopita pale inafaulu. Niliporudi kununua kwa jirani yao ile ya pili nilikwenda na stiki yangu na bando kwenye simu, nikamwomba kijana anifungulie filamu ya kulipia pale pale kaunta kabla sijatoa hela. Alinuna kidogo. Splita mbili za kwanza alizonitolea, zote zenye 4K ya dhahabu, zikatoa weusi mbele ya macho yake, na ya tatu ndiyo niliyoondoka nayo.